Mabaki ya mimea kwenye lami ya barabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mafundi wa barabara, wanafunzi wa uhandisi, madiwani, wakulima wa mpunga na wenye vinu vya mkonge. Msimamo wangu ni huu: mabaki ya mimea yana nafasi ya kweli kwenye lami, lakini kila aina ina kazi yake. Ukiipa kazi isiyo yake, barabara itaharibika mapema kuliko kama ungeyaacha mabaki hayo shambani.

Lami ni nini hasa, na ina kasoro gani hata itafutiwe msaada?

Lami ni masalia mazito yanayobaki baada ya mafuta ghafi kuchemshwa na kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Katika lami nzito, ile inayochanganywa na kokoto mtamboni na kumwagwa ikiwa ya moto, lami yenyewe ni kama asilimia 5 tu ya uzito. Zilizobaki ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Hiyo asilimia 5 ndiyo inayovishika vyote.

Adui yake wa kwanza ni joto. Lami ya daraja la 60/70 (namba hizo huonyesha ugumu wake), inayotumika sana huku kwetu Afrika Mashariki, huanza kulegea kati ya nyuzijoto 49 na 56, na uso wa barabara ya pwani mchana wa jua kali unaweza kufika 60. Hapo malori yanayotambaa kupanda mlima Kitonga, au yanayojipanga kusubiri mizani, hukandamiza mahali pamoja kwa muda mrefu na kuchimba mifereji ya matairi. Adui wa pili ni hewa: oksijeni huizeesha lami, sehemu zake laini hupungua, sehemu ngumu iitwayo asfaltini huongezeka, na mwishowe hutokea zile nyufa za ngozi ya mamba. Wa tatu ni maji, yanayopenya kati ya lami na jiwe mpaka jiwe linaachia na shimo linaanza.

Zaidi ya hayo, lami tunaiagiza. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na kile cha TIPER cha Dar es Salaam kilikuwa kimeacha miaka mingi kabla. Kila pipa linalomwagwa barabarani limelipiwa kwa fedha za kigeni.

Ni mabaki gani hasa yanayotumika?

Yapange kwa kazi, usiyapange kwa mmea, utaelewa haraka. Nyuzi, kama usumba wa nazi, mkonge na selulosi (nyuzi zinazojenga mwili wa mmea), huishika lami isitiririke. Majivu ya pumba za mpunga au ya makapi ya miwa hujaza nafasi ndogondogo badala ya sehemu ya vumbi la mawe. Lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha mti, huingia badala ya sehemu ya lami yenyewe. Mafuta, yawe ya maganda ya korosho, ya misonobari au ya kupikia yaliyokwisha tumika, hulainisha lami iliyozeeka au kuisaidia kushika jiwe.

Ndiyo maana swali la "mabaki ya mimea yanaikaza lami?" halina jibu moja. Majivu huikaza, mafuta huilegeza.

Nyuzi zinafanya nini ndani ya barabara?

Hapa ndipo penye ushahidi mkubwa kuliko kwingine, nami ningependa wenzetu waanzie hapa.

Katika miaka ya 1960 Wajerumani walibuni aina ya lami nzito yenye kokoto kubwa nyingi zinazogusana moja kwa moja, na nafasi kati yake kujazwa lami na vumbi la mawe. Wahandisi huiita SMA. Kwa kuwa mzigo hubebwa na kokoto zenyewe, barabara hiyo haibonyei kirahisi. Ila kokoto kubwa haziwezi kushika lami nyingi kiasi hicho, asilimia 6 au zaidi, ikiwa bado ya moto. Lami hutiririka na kutuama sakafuni mwa lori njiani, na mchanganyiko unafika kazini huku juu umekauka, chini umelowa. Dawa yake ikawa nyuzi. Mwanzoni walitia asbesto, na ilipojulikana kwamba asbesto inaua mapafu wakahamia nyuzi za selulosi, yaani za mimea. Leo SMA hujengwa kwenye barabara kuu za nchi nyingi. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo: karibu kilo 3 za nyuzi kwa tani moja ya mchanganyiko.

Tukija kwetu, usumba na mkonge ni nyuzi za jamii hiyohiyo, na zote zimepimwa kwenye maabara, hasa India, zikaonekana kuzuia lami kutiririka. Kinu cha mkonge kinapokwangua jani, nyuzi ndefu zinazouzwa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Katika yanayotupwa zimo nyuzi fupi zinazokatika na kusombwa na maji ya kinu. Kwa kamba hazifai, kwa lami ndizo zinazotakiwa, maana nyuzi ndefu hufungamana na kuwa mabonge. Zioshwe, zikaushwe kabisa, zikatwe ziwe za milimita chache.

Kupima kama zinafanya kazi hakuhitaji mtambo wa gharama. Unachukua mchanganyiko wa moto, kilo moja na ushee, unauweka kwenye kikapu cha waya juu ya sahani uliyokwisha kuipima uzito, kisha unaviingiza vyote kwenye tanuri lenye joto la mtamboni kwa saa moja. Ukitoa, unapima sahani tena. Lami iliyodondoka isizidi asilimia 0.3 ya mchanganyiko. Fanya mara moja bila nyuzi na mara moja ukiwa na nyuzi, uweke sahani hizo mbili, moja ubavuni mwa nyingine. Tofauti utaiona kwa macho: moja ina madoa machache, nyingine ina dimbwi jeusi linalong'aa.

Nyuzi haziungui kwenye lami ya moto?

Lami ya 60/70 huchanganywa kwenye nyuzijoto kati ya 150 na 165. Selulosi huvumilia joto hilo kwa muda mfupi wa kuchanganya. Ikiachwa kwenye mtambo uliopitiliza nyuzijoto 200, itaanza kuharibika, lakini kwa joto hilo hata lami yenyewe imeshaharibika.

Je, haziozi? Na mchwa je?

Kitu kikioza kimepata maji na hewa. Nyuzi iliyofunikwa vizuri na lami haipati vyote viwili, na katika barabara iliyoshindiliwa sawasawa nafasi za hewa ni chache na hazijaungana. Hatari ipo pale nyuzi zilipobaki mabonge yasiyoingia lami katikati, au barabara ilipoachwa bila kushindiliwa vya kutosha. Mchwa hawana cha kufuata kwenye vipande vya milimita chache vilivyotawanyika ndani ya lami. Majivu si chakula chao, kwa kuwa yote yaliyoweza kuliwa yamekwisha kuungua.

Majivu ya pumba za mpunga yanasaidia nini?

Tuseme kwa kilo: ukikoboa kilo 100 za mpunga unapata takriban kilo 20 za pumba, na ukizichoma unabaki na kilo 4 za majivu. Majivu hayo kwa sehemu kubwa ni silika, mara nyingi zaidi ya asilimia 85. Yakisagwa yakapita kwenye chekecheo la milimita 0.075, yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya vumbi laini la mawe, na lami inakuwa ngumu zaidi kwenye joto.

Lakini yana tabia yake. Chembe zake zina vitundu vingi, kwa hiyo hunywa lami. Ukibadilisha vumbi lote kwa majivu, utalazimika kuongeza lami, na ile akiba uliyoitafuta inapotea. Ndiyo maana watafiti wengi hubadilisha sehemu tu ya vumbi.

Rangi pia inaeleza mengi. Majivu meusi bado yana kaboni, hayakuungua vizuri, na kila gunia litakupa matokeo tofauti. Ya kijivu yanayoelekea weupe yameungua sawasawa. Moto nao usiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu silika ikifika kwenye joto kubwa hugeuka fuwele, na vumbi la silika ya fuwele ni sumu kwa mapafu ya anayelisaga. Kwa hiyo yale malundo yanayoungua yenyewe nyuma ya mashine za kukoboa, Mwea au Kyela, hayafai kuchotwa na kupelekwa mtamboni. Panatakiwa tanuru linalodhibitiwa.

Jambo jingine: majivu haya hayachukui nafasi ya chokaa. Kama kokoto zako zinaachia lami zikilowa, chokaa bado ndiyo dawa inayoaminika.

Lignini ni nini, na ni kweli inaweza kuchukua nafasi ya lami?

Sehemu, ndiyo. Lignini ndiyo inayoufanya mti usimame. Baada ya selulosi, hakuna polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya mimea iliyo nyingi kuizidi. Viwanda vya karatasi huitenganisha na selulosi kwa kemikali, na kwa kawaida huichoma kupata moto wa kuendeshea mitambo. Ina muundo wa pete za kaboni unaofanana kiasi na sehemu nzito za lami, ndiyo sababu zinakubaliana.

Waholanzi walithubutu mapema. Mwaka 2015, katika jimbo la Zeeland, walijenga kipande kifupi cha barabara ambacho nusu ya lami yake ilikuwa lignini, na Chuo Kikuu cha Wageningen kilishiriki. Baadaye vikafuata vipande vingine, pamoja na njia ya baiskeli mjini Wageningen. India ilifungua kipande cha majaribio kwenye barabara kuu ya kitaifa namba 44, eneo la Mansar karibu na Nagpur, tarehe 21 Desemba 2024. Waziri wa barabara Nitin Gadkari ndiye aliyekizindua. Pale lignini ilichukua asilimia 15 ya lami. India ina sababu ya ziada ya kuhangaikia jambo hili: kila baada ya mavuno wakulima wa kaskazini huchoma mabua ya mpunga mashambani, na moshi wake hufunika Delhi.

Lignini huikaza lami, na hilo ni jema kwenye joto. Ukizidisha, lami inakuwa kavu na kupasuka mapema. Ndiyo maana mchanganyiko wenye lignini nyingi huhitaji lami laini zaidi au mafuta kidogo ya kusawazisha. Mtu asikwambie kwamba nusu ya lami inaweza kutolewa tu, mengine yakabaki vilevile.

Tunayo lignini Afrika Mashariki?

Miti na mabua tunayo. Tunachokosa ni kiwanda kinachoitenga, kuisafisha na kuikausha kwa ajili ya kuuza. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza karatasi kwa misonobari, na mahali kama pale ndipo pa kuanza kufikiria. Ni mradi wa mtaji mkubwa. Kwa halmashauri inayotaka kujaribu kitu mwaka huu, ningesema iiache lignini kwanza.

Nimesikia habari za maganda ya korosho. Ni kweli?

Ni kweli, na linaniuma kwa sababu ni mali yetu. Ganda la korosho lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia, yale yanayomuunguza mikono mbanguaji. Yakipashwa moto, asidi iliyomo hugeuka kitu kinachoitwa kadanoli. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda kushika jiwe, na mkia mrefu unaopatana na lami. Kwa umbile hilo inafaa kutengenezea dawa za kuzuia lami isiachie kokoto zikilowa, na pia dawa za kulainisha lami iliyozeeka.

Tatizo ni kwamba korosho nyingi za Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ganda linaondoka pamoja na kiini, mafuta yanakamuliwa huko. Kila kiwanda cha kubangua kinachofanya kazi hapa kinabakiza maganda hapa. Anayesukuma ubanguaji wa ndani anasukuma na hili pia, hata kama hajalifikiria.

Na mafuta ya kukaangia chipsi yaliyokwisha tumika?

Hayaimarishi lami mpya. Kazi yake ni kwenye lami ya zamani iliyokwanguliwa barabarani, ambayo imekauka na unataka kuitumia tena. Asilimia chache tu za uzito wa lami hiyo huirudishia ulaini. Hayafuti uzee wenyewe, yanarudisha tu sehemu laini zilizopungua. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo hudhoofisha mshiko wa lami na jiwe penye maji. Yachujwe, yapimwe asidi, na mchanganyiko upimwe ukiwa umelowekwa. Kuyamimina kwa kukisia ni kuipa barabara ugonjwa utakaoonekana masika ya kwanza.

Mabaki haya yanafaa kwenye lami nyepesi ya kupuliza?

Nyuzi na majivu, hapana. Lami ya kupuliza hupita kwenye vitundu vidogo vya bomba la lori, na chembe yoyote itaviziba. Upande mmoja wa barabara utakosa lami, na kokoto zitafagiliwa na magari. Mafuta yaliyosafishwa vizuri ni jambo jingine.

Na barabara za vumbi za kijijini?

Huko mabaki ya mimea yana historia yake: molasi za viwanda vya sukari na maji ya lignini kutoka viwanda vya karatasi hutumika kutuliza vumbi. Vyote viwili huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mvua kubwa huviondoa na kazi inarudiwa.

Kuna hatari gani kwa wafanyakazi?

Kubwa kuliko zote ni unyevu. Usumba au mkonge ambao haukukauka ukiingia kwenye lami ya nyuzijoto 160, maji hugeuka mvuke papo hapo na kujitanua zaidi ya mara elfu moja. Lami inafura, inapanda juu ya pipa na kumwagika. Kijana aliyesimama karibu na mkorogo anaungua vibaya, na lami ya moto haibanduki kwenye ngozi kirahisi. Ikimgusa mtu, ipoozwe kwa maji safi ya bomba, isibanduliwe, apelekwe hospitali. Nyuzi zikaushwe kwenye tanuri na zihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha unyevu mpaka dakika ya kutumika. Kwenye mtambo mkubwa ziingizwe kwenye kokoto za moto kabla ya lami, ili unyevu wowote uliobaki utoke hapo.

Baada ya unyevu ni vumbi la majivu na la lignini, barakoa ya kweli ivaliwe, si kitambaa. Vumbi la lignini pia hushika moto, lisiachwe lijazane karibu na cheche. Mafuta ya korosho yashikwe kwa glavu. Moshi wa lami nao upo palepale: shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka kazi ya kumwaga lami ya moto kwenye kundi la mambo yanayoweza kusababisha saratani. Kuongeza mabaki ya mimea hakuufanyi moshi huo kuwa salama.

Mimi ni mkulima. Nitauza kiasi gani?

Tupige hesabu. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7 na lami nzito ya sentimita 5 inahitaji kama tani 820 za mchanganyiko. Nyuzi za asilimia 0.3 ni tani 2 na nusu hivi. Majivu, kama yakichukua asilimia 2 ya mchanganyiko, ni tani 16, ambazo zinatokana na takriban tani 400 za mpunga. Lignini ya asilimia 15 ya lami ni kama tani 6.

Ukiziangalia namba hizo utaona kwamba barabara haitamaliza usumba wote wa Kilifi wala pumba zote za Kilombero. Atakayenufaika ni kikundi kinachoweza kutoa mzigo uleule, mkavu, uliokatwa kwa kipimo kilekile, msimu baada ya msimu. Mkandarasi hanunui takataka, ananunua kitu ambacho maabara imekiandikia cheti.

Itapunguza gharama?

Usitegemee siku ya kwanza. Kukausha, kukata, kusafirisha na kupima vyote vinalipiwa. Faida ya nyuzi na dawa za kushika jiwe huonekana kwenye matengenezo, barabara inapochelewa kubonyea na kutoboka. Umbali nao uhesabiwe: nyuzi zilizotoka Tanga kwa lori mpaka Rukwa zimekwisha kula sehemu ya faida yake, ya fedha na ya mazingira.

Kwa nini basi hatuoni barabara hizi kila mahali huku kwetu?

Sababu kubwa ni mikataba. Mkandarasi hujenga kwa vifaa vilivyotajwa kwenye mwongozo wa usanifu, na barabara ikiharibika ndani ya kipindi cha uangalizi, anairudia kwa fedha zake. Nani atajitwisha mzigo wa kifaa kisichotajwa? Hapo simlaumu mkandarasi. Mwenye barabara ndiye anayepaswa kubeba hatari ya jaribio, kwa kutenga kipande na kukiandika kwenye mkataba.

Nikitaka kujaribu, nianzie wapi?

Chagua mabaki yaliyo karibu nawe, na kazi moja tu. Pima lami peke yake, kisha lami pamoja na mabaki: kipimo cha sindano, ambapo sindano yenye mzigo wa gramu 100 huachwa sekunde 5 kwenye lami ya nyuzijoto 25, na kipimo cha pete na gololi kinachoonyesha inalegea kwenye joto gani. Halafu tengeneza mchanganyiko mzima na uupitishe kwenye kipimo cha Marshall (uimara chini ya mzigo), cha gurudumu (mifereji ya matairi) na cha kuloweka (mshiko penye maji). Zeesha sampuli kwenye tanuri urudie vipimo, kwa sababu mchanganyiko mzuri leo unaweza kuwa mbaya ukizeeka.

Matokeo yakiridhisha, peleka maombi kwa mwenye barabara: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa Tanzania, TARURA kwa za mijini na vijijini, Kenya ni KeNHA, KURA au KeRRA kulingana na barabara. Omba kipande kifupi chenye malori, pembeni yake kiwepo kipande cha kawaida kilichojengwa siku hiyohiyo kwa kokoto zilezile na watu walewale. Bila hicho cha pili, hutajua kama tofauti imeletwa na mabaki au na mikono ya mafundi. Kina cha mifereji ya matairi kipimwe kwa rula iliyonyooka kabla ya masika na baada yake, miaka mitatu kwa uchache, na daftari la vipimo likae kwa mwenye barabara.